Tupeane uzoefu: Ulipogombea uongozi, mwenzi wako na familia yako walitoa nini hasa?

Mwanzisha mada, Kilosa

Ndugu zangu, nawasalimu nyote kwa heshima. Naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengi wetu tulioingia katika siasa hulitaja kwa sentensi moja siku ya kuwashukuru wapiga kura, kisha tukaliacha hapo. Kila aliyewahi kusimama jukwaani anaijua sentensi hiyo: "Kwa namna ya pekee namshukuru mke wangu na watoto wangu kwa uvumilivu wao." Watu hupiga makofi, mke husimama, hupunga mkono, huketi, na mkutano huendelea. Ninaloliomba hapa ni kwamba tuufumue uvumilivu huo, tuseme ulikuwa shilingi ngapi, ulikuwa shamba lipi, ulikuwa mikesha mingapi, na ni nani ndani ya nyumba aliyelipa.

Nianze mwenyewe. Nilitia nia ya udiwani katika kata yetu mwaka 2015 nikaangushwa kwenye kura za maoni za chama. Nikarudi mwaka 2020, nikapita, nikateuliwa na hatimaye nikachaguliwa. Mke wangu ni fundi cherehani, na kwa miaka yote hiyo cherehani yake imekaa barazani kwetu, mahali palepale ambapo kila mgeni wa mgombea lazima apite. Mwezi uliopita tulipokuwa tukisogeza kabati nilikuta daftari lake la kazi, kauntabuku nene ambalo jalada lake limetafunwa na panya upande mmoja. Kurasa za mwanzo ni kifua, kiuno, urefu wa sketi, jina la mteja na kiasi alichotanguliza. Kisha, kuanzia Juni 2020, vipimo vinapungua, vinakuwa kimoja kwa wiki, halafu vinakoma kabisa, na mwandiko uleule unaanza kuhesabu mambo mengine: wageni wa asubuhi 14, sukari kilo mbili, kuni mzigo mmoja, picha za pasipoti za fomu, kutoa nakala, nauli ya wilayani kwenda na kurudi, rambirambi mbili, ada ya mtoto wa pili, "tutaongea na mwalimu". Hilo la mwisho limeandikwa mara tatu, katika kurasa tatu tofauti.

Nililisoma daftari lile nikiwa nimekaa sakafuni, na ndipo nilipoelewa kwa nini wateja wake walihamia kwa fundi wa barabara ya pili. Baraza lilikuwa limejaa wanaume wanaojadili kura tangu alfajiri, na hakuna mama atakayekubali kupimwa kifua mbele ya kamati ya kampeni. Hakuniambia. Aliifunika cherehani kwa kitenge, akaisogeza pembeni, akaanza kuwapikia chai. Mbuzi wake watano, aliowanunua kwa fedha za ushonaji, waliuzwa mmoja baada ya mwingine kati ya Julai na Oktoba, naye hakulalamika hata siku moja.

Kuna usiku mmoja nitautaja peke yake. Siku ya uteuzi ilikuwa tarehe 25 Agosti, na fomu zilitakiwa ziwe zimerudishwa kabla ya saa kumi jioni. Mwaka ule wagombea wengi nchini walienguliwa kwa dosari za ujazaji wa fomu, na sisi sote tulikuwa na hofu hiyo. Nilirudi nyumbani usiku nikiwa nimechoka, nikaiweka bahasha mezani, nikalala. Mke wangu akawasha taa, akaifungua fomu, akaanza kuilinganisha na nakala za kadi za wadhamini, namba kwa namba, akifuata kwa sindano kama anavyofuata mshono. Akagundua kwamba namba ya kadi ya mdhamini mmoja ilikuwa imepungukiwa na tarakimu. Hakuniamsha. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshatoka kwa miguu kwenda kwa mzee huyo kuiona kadi yenyewe, na nilipoamka nilikuta karatasi ndogo juu ya bahasha, imeandikwa namba kamili. Udiwani wangu wote ulisimama juu ya tarakimu ile.

Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea atoe taarifa ya fedha alizopata na alizotumia. Niliijaza taarifa hiyo kwa uaminifu, nikaandika mafuta, vipaza sauti na vipeperushi. Msimu mzima wa ushonaji uliopotea haukuwa na pa kuandikwa.

Wala si jambo la leo. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU kwa muda wake wote, mshahara ulikoma, na mkewe, Mama Maria, akaendesha duka dogo Magomeni, akiuza mafuta ya taa na mahitaji mengine ya nyumbani ili watoto wale. Tunafundishwa habari za safari ya Umoja wa Mataifa ya mwaka ule, na ni haki tufundishwe, lakini mimi siku hizi nalifikiria sana lile duka.

Karibuni. Tafadhali tusitaje vyama wala majina ya watu.

Mchangiaji, Kilifi

Ahsante kwa mada hii, ndugu yangu. Mimi niliwania uwakilishi wa wadi hapa Kenya katika uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 huku nikinyonyesha mtoto wa miezi tisa. Nililipa shilingi 2,500 za uteuzi, kwa kuwa mwanamke hulipa nusu ya ile 5,000 ya mgombea udiwani wa bunge la kaunti, na nilipotoka katika afisi ile nilidhani kwamba sehemu ngumu imekwisha.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika wadi yetu palizuka maneno kwamba yeye ndiye aliyeolewa, kwamba mimi ndiye niliyemtolea mahari, na maneno hayo yalimfuata sokoni, msikitini na hata katika chumba cha walimu. Mwanamke anayegombea hutukanwa, hilo tulilitarajia, lakini hatukujua kwamba silaha kubwa zaidi ingeelekezwa kwa mume. Kila jioni alipofika nyumbani nilimtazama usoni nijue siku ile ameambiwa nini, naye alikuwa akivua viatu, akiuliza mkutano wa kesho uko wapi na kama vyombo vya sauti vimeshalipiwa. Miaka miwili baadaye ndipo aliponieleza kwamba mara moja alitoka msikitini kabla ya wenzake ili asipite mbele ya baraza fulani. Aliyabeba peke yake kwa sababu alijua kwamba ningeyasikia ningejitoa.

Lakini shukrani yangu kubwa ni kwa mavyaa. Watu huwasema mama wakwe, nami nataka iandikwe mahali kwamba wangu alipanda gari la kampeni kwa muda wa miezi mitatu akiwa na mjukuu wake mapajani. Tulipofika mahali pa mkutano alitafuta mwembe au kivuli chochote, akatandika mkeka, akakaa na mtoto. Mtoto alipolia nilishuka jukwaani, tukaenda nyuma ya gari, naye akaishika leso kwa mikono miwili kama pazia, akiwapa mgongo watu, mpaka nimalize kunyonyesha. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa sababu ya umri. Kisha alinipangusa bega, akanitengeneza ushungi, akaniambia, "Haya, nenda kawaambie." Sijui ni wapiga kura wangapi waliogundua kwamba hotuba yangu ilikuwa na nusu mbili.

Sikushinda. Katika wadi 1,450 za nchi nzima, wanawake waliochaguliwa mwaka ule hawakufika 100, nami sikuwa miongoni mwao. Usiku wa matokeo nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa hata kusema. Mavyaa alikuwa amekaa mlangoni. Hakunipa pole. Aliniambia kwamba katika ukoo wao hajapata kuwapo mwanamke ambaye jina lake liliandikwa katika karatasi ya kura, na kwamba yeye aliliona na akaliwekea alama kwa mkono wake. Amefariki sasa. Mtoto yule yuko shuleni, naye ndiye anayelala na ile leso.

Mchangiaji, Tabora

Mimi nitasema kwa ufupi kwa sababu habari yangu si ya kujivunia, na kabla ya kuiandika nimempigia simu mama watoto wangu nikamwomba ruhusa, naye ameridhia mradi jina lake lisionekane.

Niligombea ubunge mwaka 2010. Fedha zilipoanza kupungua niliamua kuweka nyumba rehani. Kama mnavyojua, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakimruhusu mwenzi mmoja kuiuza wala kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo ilibidi twende benki wote wawili. Afisa alimgeuzia karatasi, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu mahali pa kutia sahihi. Mke wangu hakuipokea kalamu mara moja. Aliniuliza kwa Kinyamwezi, ili yule kijana asielewe, "Na ukishindwa?" Nami nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, "Sitashindwa." Akatia sahihi.

Nilishindwa. Kwa miaka miwili alilipa marejesho kutokana na mgahawa wake wa karibu na stendi, akiamka saa tisa usiku kuchambua mchele na kukaanga maandazi, huku mimi nikikaa na wazee wa siasa tukichambua tulikosea wapi na kupanga mwaka 2015. Nyumba ilikwenda. Ndoa nayo ikafuata, na sitawadanganya kwamba chanzo ni umaskini, maana tulioana tukiwa maskini zaidi ya vile. Chanzo ni kwamba katika miaka ile miwili sikuwahi kumwambia kwamba aliniuliza swali la haki na mimi nikamjibu kwa kumwaibisha mbele ya mtu. Aliifahamu sheria, angeweza kuikataa ile karatasi na hakuna mahakama ambayo ingemlazimisha. Sahihi yake ilikuwa zawadi, nami niliipokea kama haki yangu.

Mwaka jana nilikwenda kwa shemeji yangu, anakoishi mama watoto wangu, nikamwambia mama huyo maneno hayo ana kwa ana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha chakula. Hatujarudiana, wala sikwenda kwa ajili hiyo. Nawaomba wenye wake na waume ambao bado wako ndani ya nyumba mkaseme leo.

Mchangiaji, Njombe

Nimemsoma ndugu wa Tabora mara mbili. Mungu akutie nguvu, kaka. Jambo ulilolifanya kwa shemeji yako si dogo.

Mimi nipo upande wa pili wa meza: mke wangu ni diwani wa viti maalumu, yuko katika kipindi chake cha pili. Napenda kusema jambo ambalo huenda baadhi ya wanaume hawatalipenda. Sisi waume wa viongozi tunasifiwa kupita kiasi. Mke wangu akihudhuria Baraza la Madiwani kwa siku mbili, nami nikapika ugali na kuwaogesha watoto, mtaa mzima utasema kwamba amepata mume wa pekee. Mke wa diwani mwanamume akifanya hayo kila siku kwa miaka mitano, hakuna atakayemtaja. Ninaposhukuriwa hadharani huwa naona aibu, kwa kuwa namjua aliyefanya kazi, na hayuko ukumbini.

Aliyefanya kazi ni binti aliyekuwa akitusaidia nyumbani. Posho ya mwezi ya diwani kwa kipindi kile ilikuwa shilingi 350,000, na kwa kata zetu hizi, ambako kila msiba, kila harusi na kila mgonjwa hupita kwa diwani, fedha hizo hazikufika tarehe 15. Mara mbili au tatu tulichelewa kumlipa mshahara wake mdogo, naye hakuondoka. Alikuja kwetu akiwa na miaka 19. Yeye ndiye aliyekaa na mtoto wetu wa mwisho usiku wa homa kali, mimi nikiwa kazini zamu ya usiku na mke wangu akiwa mkutanoni wilayani. Alimbeba mgongoni kwenye baridi ile ya Julai, ambayo wanaoijua Njombe wanaielewa, akatembea mpaka zahanati, akagonga mlango mpaka mhudumu akaamka. Mke wangu alipokuwa akiapishwa kwa kipindi cha pili, wageni walikalishwa kwenye viti, binti akabaki nyuma na sahani. Mke wangu aliliona hilo kabla yangu, na tuliporudi nyumbani hakulala.

Tulikubaliana kwamba fedha tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya sherehe ya kuwashukuru watu zimlipie binti mafunzo ya VETA. Alichagua umeme wa majumbani. Sasa anafanya kazi hiyo, na mwaka huu amekuja kutufungia nyaya katika chumba kipya, tukamlipa bei kamili kama fundi mwingine yeyote.

Mwanzisha mada ametaja Mama Maria, nami namwongezea Bibi Titi Mohamed. Alipoanza kuihamasisha Dar es Salaam kujiunga na TANU, wazee wa chama walikwenda kwanza kumwomba mumewe ruhusa, na ndoa ile baadaye haikustahimili safari zake. Kwa hiyo tunapohesabu familia zilizotoa, tuhesabu pia wanawake ambao familia hazikuwapa, na wakaenda hivyohivyo.

Mchangiaji, Pemba

Assalaam alaykum. Kwetu sisi mambo yalikuwa tafauti kidogo, na vijana wa leo hawawezi kuyafahamu bila ya kuelezwa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 watu waligawika hata ndani ya nyumba moja. Palikuwa na maduka ya upande huu na maduka ya upande ule, watu hawazikani, hawaalikani harusi. Mimi nilisimama kugombea uwakilishi mwaka 2000, na jamaa wote wa mke wangu, kaka zake watatu na ami zake, walikuwa upande wa pili.

Yeye hakunambia nisigombee, wala hakuwambia wao kwamba mimi nina haki. Kila Ijumaa alipika sahani mbili, moja ya kwetu na moja akaipeleka kwa kaka yake mkubwa, akabisha hodi, akaambiwa airudishe, akairudisha. Ijumaa ya pili akaenda tena. Nilimkataza, nikamwambia unajidhalilisha na kunidhalilisha mimi. Akanijibu kwamba uchaguzi utakuja na kwenda, lakini siku atakapokufa ataoshwa na wake wa hao hao kaka zake. Sahani ile ilirudi kwa zaidi ya mwaka. Siku moja ikarudi tupu, imeoshwa, na ndani yake mmetiwa embe mbili.

Mwaka 2010, tulipopiga kura ya maoni tarehe 31 Julai ya kuridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, nilikwenda kituoni pamoja na shemeji yangu yule, bega kwa bega. Wanasiasa walisifiwa sana kwa maridhiano yale na walistahiki. Nyumbani kwangu maridhiano yalikuwa yamekwisha kuanza kwa sahani, kabla ya karatasi yoyote kutiwa saini.

Mchangiaji, Sengerema

Shikamooni. Sikuwahi kugombea, mimi ni mtoto wa mgombea, na naomba nafasi kwa sababu neno "watoto wangu" limetajwa hapo juu.

Mwaka 2015 kampeni zilifunguliwa tarehe 22 Agosti, na sisi wa darasa la saba tulikuwa na mtihani wa taifa katika wiki ya pili ya Septemba. Wagombea wengi hawaioni kalenda hiyo: mara nyingi mtihani wa kumaliza shule ya msingi huangukia katikati ya kampeni za uchaguzi mkuu. Baba alikuwa akiwania ubunge. Uani kwetu kulikuwa na lori la muziki, sufuria za pilau na watu nisiowajua waliolala hadi sebuleni. Nilisoma nikiwa nimeziba masikio kwa pamba. Mama alikuwa jikoni usiku na mchana, na nikimtazama nilikuwa naona haya kumwambia kwamba siwezi kusoma.

Shangazi, dada yake baba, anayefanya biashara ya dagaa kandokando ya ziwa, alikuja siku moja kuleta mzigo, akaniangalia, akaniambia nichukue begi. Hakuomba ruhusa. Kwa wiki mbili nililala kwake, katika chumba kinachonuka dagaa hata leo nikikumbuka, nikisoma kwa taa yake ya sola huku yeye akikaa gizani nje akiongea na majirani kwa sauti ya chini. Asubuhi ya mtihani alinipa penseli mbili za HB alizozichonga mwenyewe kwa kisu cha samaki, na ufutio, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba majibu yanawekwa vivuli na mashine ndiyo inayosahihisha, akaogopa penseli moja isije ikavunjika. Alinisindikiza hadi getini. Baba siku hiyo alikuwa visiwani na simu haikupatikana.

Baba hakushinda. Alifanya kikao cha kuwashukuru watu, akawataja madereva, wapiga ngoma, wazee wa mila, na mama. Shangazi hakutajwa, kwa sababu baba hakujua. Aliporudi kutoka visiwani alinikuta nyumbani na akadhani nilikuwapo siku zote. Nilichaguliwa kwenda shule ya bweni, nikamaliza, na sasa ni mwalimu. Nimemtumia baba mada hii asubuhi ya leo. Hajajibu, lakini mama ameniambia kwamba ameuliza basi la kwenda ziwani linaondoka saa ngapi.

Mwanzisha mada, Kilosa

Nawashukuru wote mliochangia. Jana jioni nilimsomea mke wangu kila mlichoandika, tangu mwanzo hadi kwa binti yetu wa Sengerema, yeye akishona sare za shule na mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake cha wateja. Alinyamaza kwa muda mrefu palipotajwa leso ya Kilifi. Kisha akaniomba nirudie sehemu yangu mwenyewe, nikairudia, akasimamisha cherehani.

Ameniagiza nisahihishe mambo mawili. Mbuzi walikuwa saba; wawili waliuzwa mwaka 2015, kwenye kura za maoni zile nilizoshindwa, na mimi nilikuwa nimeshawasahau. La pili, si kweli kwamba hakulalamika. Anasema alilalamika mara mbili, mara moja jikoni na mara moja palepale barazani, na mara zote mbili nilikuwa nikizungumza na simu.